Waya Aliokata Baba

Jumamosi, Novemba 2007. Rockville. Mvua ya baridi tangu asubuhi, majani yamelala barabarani kama uji uliomwagika.

Mimi nina miaka sabini na sita. Nimewapita magavana wa Mwingereza wote waliotutawala, nimempita Bwana mwenye shamba nilipozaliwa, nimemzika mke wangu, nimezika malori manne niliyoendesha kutoka Mombasa mpaka Kampala. Nimempita hata daktari aliyenikataza chumvi. Yeye alikuwa hali chumvi. Mimi bado nakula.

Kwa hiyo mtu asije akadhani mimi ni mzee wa kuchekwa mezani.

Shule niliacha darasa la tatu. Blogu hii nilifunguliwa na mama mmoja wa kanisani, akanionyesha pa kubonyeza, na tangu hapo naandika kwa kidole kimoja. Hicho kimoja kimeandika mengi kuliko vijana wa hapa wenye vyote kumi. Siku nyingine huwa naandika habari za malori. Leo naandika kwa sababu nimesalitiwa.

Na aliyenisaliti ni mwanangu. Gathogo.

Hata kuliandika jina lake hivyo, likiwa peke yake, kidole kimesita. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na halipewi kwa ajili ya kumwitia chakula tu. Ni baba yako amerudi nyumbani. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni nilimwita Baba. Sijampiga hata kofi, maana nani anampiga baba yake? Hata huku Amerika, nikitaka anipeleke dukani, nasema, "Baba, kama una nafasi." Mkewe Linda, mzungu wa hapa hapa Maryland, alishangaa mwanzoni, akazoea.

Sasa yule Gathogo wa kwanza, baba aliyenizaa, ndiye mali yangu yote. Wengine walirithi mashamba. Mimi nilirithi habari yake. Kwamba sisi tulikuwa maskwota, vibarua wasio na ardhi, kwenye shamba la Bwana, na Bwana alitaka kuwaita polisi waje wachukue ng'ombe wetu, na baba akatoka gizani akakata waya wa simu. Bwana akashika simu, akapiga kelele, simu kimya. Baba akakamatwa, akafungwa, akavunja mawe, hakulia.

Habari hiyo nimeisimulia Mombasa, nimeisimulia Kampala, nimeisimulia Langley Park kila Jumapili baada ya ibada. Papa Deo, Mkongo mwenye duka pale, huniita "mutoto ya shujaa" na kunitolea kiti. Ni kweli, wale vijana wa msituni, wapigania uhuru, waliopita usiku ule chini ya waya niliwaongeza mimi baadaye. Hiyo siyo uongo. Hiyo ni chumvi.

Haya. Baba yake Linda ni mzee anaitwa Walter, umri wangu au karibu, ila magoti yangu ni mazuri kuliko yake. Tangu astaafu hana kazi nyingine ila kwenda mjini kwenye nyaraka za kale kumtafuta mtu wa kwanza wa ukoo wao aliyevuka bahari kuja Maryland. Mwanangu akaambukizwa. Akamtuma binamu yake Nairobi, aende kwenye nyaraka za taifa atafute kesi ya babu. Mimi nikasema vizuri sana, na wazungu wasome.

Karatasi ikaja wiki iliyopita. Mwanangu akaisoma kwanza peke yake, akaja chumbani kwangu.

"Mzee, kuna mambo humu. Tuongee kwanza."

"Mambo yapi? Mambo yote nayajua. Iweke. Utaisoma siku ya bata mzinga, wakwe wakiwa wamekaa."

Akaikunja karatasi, akaikunja tena, akaondoka nayo. Nikadhani ni furaha.

Basi juzi Alhamisi, ile sikukuu yao ya kushukuru, wakwe wakaja hapa kwa mwanangu. Watu wa heshima, wamevaa. Baada ya chakula Walter akasimama na gilasi. Akasema kumbe yule mtu wake wa kwanza hakuja kama mwenye shamba, kama walivyoambiwa tangu utotoni. Aliiba jora la kitambaa huko London, akapandishwa meli na minyororo, akauzwa hapa kwa mkulima wa tumbaku amfanyie kazi miaka saba. Mfungwa! Nikamwonea huruma Walter. Nikasubiri ainamishe kichwa.

Wakampigia makofi. Mkewe akambusu.

Nikasema moyoni, kama mwizi anapigiwa makofi, ngoja sasa wamsikie shujaa. Nikasimama. Nikaitoa yote, na vijana wa msituni ndani. Mwanangu alikuwa anatafsiri, na kadiri nilivyopanda, sauti yake ilishuka, kama redio yenye betri zinazokwisha. Nilipomaliza Walter akauliza kama karatasi imepatikana.

"Baba," nikasema, "soma."

"Mzee, tuisome wageni wakienda."

"Wageni ndio wasikie. Soma!"

Akasoma kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha bandarini na mizani ya malori, cha mahakamani sikijui, kwa hiyo nikawa nasoma nyuso. Mama yake Linda akashika mdomo. Walter macho yakamtoka, halafu yakang'aa. Kisha meza nzima ikacheka. Niliona watu wanacheka kabla sijajua kichekesho, na nikacheka nao.

Nilicheka nao!

"Niambie na mimi," nikasema.

Mwanangu akaniangalia. "Inasema babu alikata waya wa simu uliopita kando ya reli. Akautengeneza bangili. Walimkuta sokoni anawauzia wanawake. Wakapekua nyumba, wakachukua bangili zote kama ushahidi. Bwana hakutajwa, Mzee. Ng'ombe hawakutajwa."

Walter akazunguka meza na magoti yake mabovu akanikumbatia. Linda akatafsiri kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: anasema sasa sisi ndugu, wote watoto wa mwizi. Wakapiga makofi tena. Kicheko chao hakikuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Mwizi wao ana zaidi ya miaka mia mbili, amekauka, unaweza kumtundika ukutani. Mwizi wangu alinibeba mabegani.

Nikamgeukia mwanangu. Sikusema Baba.

"Wewe Gathogo," nikasema.

Linda akaacha kijiko. Hata yeye alielewa.

Nikaingia chumbani, na tangu hapo sijasema naye neno. Ananiwekea chai mlangoni. Naichukua akishaondoka.

Nimelifikiria jambo hili kila upande. Mimi karatasi ile siwezi kuisoma. Wakwe wale Kiswahili hawajui. Kati ya masikio yao na yangu alikuwepo mtu mmoja tu, naye ni damu yangu. Angeweza kuwasomea chochote. Angesema, "Imeandikwa alikata waya akafungwa," akakunja karatasi, na hata hapo asingekuwa amedanganya! Kwetu aibu ya nyumba haitolewi mbele ya wakwe, na mzee akisimama kuisemea nyumba, mtoto humshikilia. Ndiyo, nilimwambia asome. Lakini mtu aliyelelewa anajua akiambiwa asome, asome nini.

Jana nikapanda mabasi mpaka Langley Park kununua kadi ya simu. Nilitaka kumpigia dada yangu Wanjiru, yuko Ol Kalou, ndiye mkubwa wetu na ndiye peke yake aliyebaki. Nilitaka aniambie karatasi inadanganya. Papa Deo akanipa simu ya dukani na kiti changu.

Nikamweleza Wanjiru yote, mpaka nikadhani kadi imeisha.

"Haloo?"

"Niko, Mwangi. Nasikia."

"Sasa si uniambie ni uongo!"

"Wewe umezeeka bila kujua?" akasema. "Mimi nilidhani ulijua, unajifanya tu."

"Kujua nini?"

"Baba akiwa jela, ulirudi kutoka shuleni shati limeraruliwa. Watoto walikuwa wanakuita mtoto wa mwizi wa waya. Ukasema hurudi tena. Mama akakukalisha jikoni akakutungia ile ya Bwana na ng'ombe. Kesho yake ukaenda shule kifua mbele, ukawapiga wote. Mama akatuambia, atakayemwambia huyu atanijua."

"Na nyinyi mkanyamaza? Mpaka leo?"

"Ungekuwa unasikia unavyoisimulia! Nani angekukatiza? Na kila mwaka inarefuka. Hao watu wa msituni walitoka wapi?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

Kwa hiyo si mwanangu peke yake. Mama alinidanganya akafa. Dada alijua akakaa kimya, na mimi nikisimulia kila Krismasi na yeye anamenya viazi hapo hapo. Na baba mwenyewe! Aliporudi kutoka jela nilimuuliza habari ya waya, nikitaka kuisikia kutoka kinywani mwake. Akasema, "Waya ni waya," akaenda kukamua. Nilidhani ni unyenyekevu wa shujaa. Nimeusifu unyenyekevu huo mpaka mpakani Malaba.

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kumjua baba yangu. Wakwe wazungu walimjua kabla yangu, na bata bado mezani.

Nilitaka kukata simu. Wanjiru akasema, "Ngoja. Hiyo karatasi inasema bangili zote zilichukuliwa?"

"Zote."

"Basi aliyeiandika hakumwangalia mama. Polisi walipoingia, aliisukuma yake juu ya kiwiko, akavuta shuka, akaendelea kupepeta mahindi. Ile bangili nyekundu ya shaba hakuivua mpaka anakufa, kwani wewe ulidhani imetoka wapi? Ninayo. Naizungusha mkononi nikiongea na wewe."

Naikumbuka. Ilikuwa ikinigusa baridi shingoni akininawisha uso. Hakuna siku niliyouliza ilitoka wapi. Mimi ninayeuliza bei ya kila kitu.

Nikarudisha simu. Papa Deo akauliza, "Papa, dada iko muzima?" Nikasema mzima. Akauliza kama Jumapili nitasimulia tena ile ya baba, kuna Warundi wageni hawajaisikia. Nikasema nitaona. Katika maisha yangu sijawahi kusema nitaona.

Sasa ni jioni na mvua bado. Nimekaa na hasira yangu na sitaki mtu aje kuipoza. Bado nasema mwanangu alikosa. Bado nasema mbele ya wakwe, hapana. Lakini nimejaribu kutafuta kitu cha kumwita. Gathogo nimeshamwita mara moja, na chakula hakijashuka vizuri tangu hapo. Nikimnyima jina la Baba, ni yupi ninayemnyima? Yule aliyenyamaza mpaka kaburini, au huyu aliyeshindwa kunyamaza?

Kwenye jambo moja siondoki. Waya ulikatwa. Hakuna karatasi inayolipinga hilo, wameliandika wenyewe. Na simu iliyotegemea waya huo ilikufa au haikufa? Ilikufa! Na Bwana alipiga kelele kwa sababu nyingine zote, kwa nini asipige kwa hiyo? Hapo sisogei.

Ila nikisimulia tena, nitaitia bangili. Vijana wa msituni watapita njia nyingine.

Chai ya jioni imewekwa mlangoni sasa hivi. Nasikia bado amesimama hapo nje, haondoki. Nimemwambia mlango haujafungwa. Sijamwita jina lolote. Nimesema tu mlango haujafungwa.

Asiyeniamini amuulize dada yangu Wanjiru wa Ol Kalou, ushahidi uko mkononi mwake. Akishindwa kumpata, amuulize mwanangu hapa Rockville. Huyo hasemi uongo hata ukiuhitaji.