Vunja Jungu la Ukweni

Mpendwa Mshauri, salamu nyingi, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana nimeibeba moyoni muda mrefu na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mwalimu wa shule hapa Kwale, nimezaliwa huku huku mlimani ambako maji mengi niliyoyazoea ni ya mtungi, na nimeoa Kinondo, kwa watu ambao mtoto akianza kutembea anaelekea baharini, na kila Shaabani inapokwisha ukoo mzima wa mke wangu, Mwanasha, hukusanyika ufuoni Galu kuvunja jungu kabla ya kufunga Ramadhani, wanapika wali wa nazi pale pale mchangani, watoto wanacheza nage na kuvutana kamba, wanaume wanashindana kuogelea, na maji yakitoka wanawake wanakwenda mwambani na fimbo zao kuchokoa pweza, na jioni wote wanarudi wamechoka kwa kucheka.

Mwaka juzi nilikwenda nao, nikajitia ushujaa, nikafunga kikoi nikatembea mwambani peke yangu, nikateleza, nikatumbukia katika shimo la maji lililonizidi kimo, nikawa napiga kelele nusu na nusu nameza chumvi, na mkono ulionishika ukanivuta juu ulikuwa wa mama mkwe. Mshauri, unajua mkwe kwetu ni nani, hashikwi mkono, njiani unampisha, chakula huli mbele yake, na mimi kikoi changu kilikuwa kimebaki majini! Alinitupia leso yake ya juu bila kunitazama, akageuka akaendelea na pweza wake kana kwamba aliyemtoa majini ni jiwe tu, nami nikarudi nikijificha nyuma ya miamba, nimefunga leso ya mkwe wangu, mpaka nilipoifikia suruali yangu.

Hakuna mwingine aliyeona, na mama hajamwambia mtu, hata Mwanasha hajui mpaka leo. Mwaka jana nikasingizia mitihani nisiende. Mwaka huu shule zimefungwa, na shemeji yangu Abdulrahim alinikuta sokoni Kombani akaniita mbele ya watu, "Shemeji! Mitihani imekwisha, sasa umebakiwa na ugonjwa gani? Nisipokuona Galu nitakuja kukubeba begani kama gunia la muhogo!" Nami, visingizio vimeniishia, nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba kuvunja jungu ni uzushi katika dini, na wanawake kuchezea maji miguu wazi ni dhambi, na mtu wa nyumba yangu haendi.

Mwanasha akaniambia, "Mama magoti yamemwishia. Anataka amwonyeshe Chiku mashimo yake ya pweza mwaka huu, hajui kama mwakani atafika mwambani." Chiku ni binti yetu wa miaka minane. Jana tunakula, akamwuliza mama yake, "Mama, bibi ataingia motoni kwa sababu ya pweza?" Mwanasha alikusanya sahani ingawa mimi nilikuwa bado nakula, na tangu hapo anazungumza na kuku tu.

Safari ni Alhamisi, kwa lori. Nikienda, nitamtazamaje mama mkwe? Nisipoenda, nitaishije na mke wangu? Nisaidie.

Baba Chiku, Kwale

*

Baba Chiku,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikacheka. Sasa nimemaliza kucheka, nisikilize.

Kuteleza mwambani si kosa, hata waliozaliwa pale huteleza. Kosa lako ni kuipa aibu yako jina la dini. Nimesoma vitabu vya kutosha, na nimebishana na watu wenye vilemba vikubwa kuliko chako, na sijaona palipoandikwa kwamba mwanamke wa Kinondo akimtoa pweza shimoni amemkosea Mungu. Dini hiyo hiyo uliyojifunika kama shuka inatuhimiza tuwafundishe watoto wetu kuogelea. Uliogopa maji, ukaogopa kuchekwa, ukatoa fatwa. Wako wengi wa namna yako nchi hii, nami nimechoka nao.

Tazama na dhuluma uliyoifanya. Mama yule angefungua mdomo mara moja, kisa chako kingechekwa katika kila jiko kutoka Kinondo hadi Msambweni. Amekusitiri miaka miwili, hata kwa binti aliyemzaa mwenyewe. Malipo yako ni kumfanya mjukuu wake aamini kwamba bibi yake ni wa motoni! Na unalalamika amekushika mkono. Ulitaka akupishe uzame kwa adabu? Heshima ya ukwe angempa nani, maiti?

Jambo jingine linaniwasha. Likizo hii Wazungu wanateremka kutoka Nairobi na watoto wao, wanajipanga ufuoni Diani nyumba kwa nyumba, na watoto hao wanaoga kutwa. Binti yako, ambaye mama zake wameutembea mwamba ule tangu zamani, umemfungia mlimani ahesabu mbuzi.

Basi fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, mwambie Mwanasha kisa chote, na leso usiiruke. Atacheka. Mwache acheke mpaka akae chini, kicheko hicho ni haki yake. Kisha mwite Chiku umwambie, "Baba alikosea. Bibi hana dhambi." Wewe ni mwalimu, kila siku unasahihisha makosa ya wenzio, sahihisha na lako.

Ukifika Galu, msalimie mama mkwe kwa mbali kama inavyopasa. Usimshukuru kwa sauti wala usimtajie siku ile. Kama angetaka itajwe, angekwisha kuitaja. Vaa kaptura yenye mkanda. Mwambani usiende. Mwambie Abdulrahim akufundishe kuogelea katika maji yaliyo kati ya mwamba na ufuo, yale yanayokufika kiunoni. Atakutania, nawe mtanie, mashemeji wameumbiwa kazi hiyo. Ukichoka, kuna nazi za kukuna na kamba ya kuvuta, na mwalimu mwenye tumbo kama lako, nadhani, atahitajika mwisho wa kamba. Mvua ikija msikimbie, mtakuwa mmekwisha kulowa.

Na ujue kwamba mama yule hakukuita wewe. Amemwita mjukuu wake, amwonyeshe mashimo aliyoonyeshwa na mama yake, wakati magoti bado yanamtii. Lori la Alhamisi likiteremka kutoka Kwale na Chiku hayumo, usiniandikie tena.