Usitaje Lucky Summer

Lucky Summer, Nairobi
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepata nafuu? Sisi tuko hai. Mkono ule aliouvunja baba yake Amolo unafua nguo za watu, ila jioni hauwezi hata kuepua sufuria.

Mama, nimepata wakili Kariobangi, anaitwa Mutheu. Anatetea wanawake waliokimbia kwao kama mimi, bila malipo. Anasema bila amri ya mahakama, baba yake Amolo anaweza kuja kumchukua mtoto na kumpeleka kwa yule mzee aliyeshatoa ng'ombe. Amolo ana miaka kumi na minne tu.

Mahakama inataka mtu aliyeona nikipigwa. Uliona wewe. Nenda kwa mtendaji wa kijiji useme, aandike, agonge muhuri. Simu nimezima, karatasi hiyo mpe dereva wa basi. Mtu yeyote asijue tuliko.

Mwanao, Phelister


Rorya
26 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unasumbua asubuhi tu. Mjukuu wangu anakula vizuri?

Hilo la mtendaji limenishinda. Mkwe ni mkwe. Mimi hata chakula sili mbele yake, nitamsemaje mbele ya watu?

Nilichoweza nimefanya. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa shukrani kwamba Mungu amewafikisha salama Lucky Summer, na mtoto amepata shule. Kanisa zima liliwaombea. Hata mama yake mume wako alisema amina.

Mama yako


Nairobi
6 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Afya yako leo siulizi.

Barua yako nimeipata jana. Amolo hajarudi tangu Jumatano. Baba yake alifika shuleni na ndugu yake, akaonyesha cheti cha kuzaliwa, mwalimu akamtoa darasani. Mimi nilikuwa Buruburu nafua.

Wakili Mutheu amezunguka polisi mpaka sauti imekauka. Anasema wameshavuka mpaka, na amri ya mahakama ya hapa haina nguvu huko kwetu. Aliye karibu naye ni wewe peke yako. Nenda polisi, dawati la jinsia. Ukizidi kumheshimu mkwe, utamchezea ngoma ya harusi mjukuu wako.

Sina nguvu za kukulaumu. Nikizipata nitakulaumu.

Phelister


Rorya
19 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua hii ananiandikia askari wa kike hapa kituoni, mimi nasema yeye anaandika.

Nimesema yote. Mkono, damu ukutani, ng'ombe. Waliniambia nimtaje mkwe wangu kwa jina lake. Sijawahi. Nikalitaja: Sylvance. Wamemkamata.

Kwa yule mzee tumekuta godoro na sare ya shule ya Amolo. Mtoto mwenyewe hayupo. Watu wa nyumba ile wanasema amehamishwa usiku, kila mmoja anataja kijiji tofauti. Sylvance ananitazama tu.

Polisi wameniambia nirudi nyumbani, watanipigia. Sina simu. Nimekaa kwenye benchi lao tangu juzi, na kila gari likiingia nasimama.

Mama yako