Kimto cha Mikono Yako

Baba Neema,

Nimekuja kukusumbua. Najua hukupendaga kusemeshwa ukiwa na mashine zako za kuchapa, lakini leo aliyekaa mbele ya mashine, ile ya kijivu, ni mimi, na nachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama. Herufi ya R inanigomea, naipiga mara mbili ndiyo inakubali. Ungekuwepo ungeipuliza kidogo tu, ukaibembeleza, ikatii. Mimi naitukana.

Habari za hapa Nyakato ni hivi. Neema amejifungua mtoto wa kiume, kapewa jina lako, na masikio yako kachukua pia, pole yake. Sukari iko kila duka, sabuni unachagua rangi unayotaka, na mitumba imejaa mpaka mtu unachoka kuangalia. Bomba ndiyo bado halitoi maji. Hilo halijabadilika.

Mdogo wako alikuja toka Butiama baada ya msiba, akasema mashine zote ziuzwe vyuma chakavu, chumba kipate nafasi. Sikubishana naye. Nilimwambia, shemeji, anza kubeba. Akainua ile nyeusi ya kiwandani, akaiweka chini hapohapo, akashika kiuno. Akasema kaka yake alikuwa anapenda mawe. Basi zipo zote, nazifuta vumbi kila Jumamosi.

Unakumbuka ile nyeusi ilivyokuja? Tulikuwa bado tunakaa Kabasa, wewe karani wa kuchapa pale kiwanda cha pamba, na sabuni ilikuwa ya foleni. Nilikutuma sabuni. Ukarudi na taipu imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira! Ofisi ilikuwa imeitupa nyuma ya stoo, ukaionea huruma. Nilikununia mpaka kesho yake, na nguo tulifua kwa majivu. Wewe ulikaa chini ukaisafisha kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, unapiga mluzi. Nikasema moyoni, nimeolewa na kichaa.

Halafu vifundo vya mikono vikaanza kukuuma. Unarudi kazini hata kijiko hukishiki vizuri. Mimi sijui kuchapa, lakini kushona najua. Nikakata gauni langu la kitenge cha kijani lililokuwa limechanika kwapani, nikashona kimto kirefu kama ndizi, nikajaza pamba ya shambani kwetu, maana sponji ungeipata wapi miaka ile. Nikakuwekea mbele ya mashine. Ukalaza mikono, ukafumba macho, ukasema, "Aa, Mama Neema. Hapa nimefika."

Sijawahi kusifiwa namna ile tena, hata siku ya harusi.

Toka hapo kila mashine uliyookota lazima ipate kimto chake. Unaiweka mezani unaniita, "Mpimie," kama mtu aliyeleta mtoto kwa fundi. Hii batani zake ni ngumu, mshonee kinene. Hii imekaa chini, mshonee chembamba. Watu walipoanza kupunguzwa kazi, na wewe ukapunguzwa, tukahamia hapa Nyakato ya Musoma, ofisi zikawa zinatupa taipu kila mahali kwa sababu ya kompyuta. Wewe ukaona ni mavuno. Mpaka ukaja na ile kibodi mbovu, nyepesi kama sahani ya plastiki, ukaigeuzageuza na kusema, "Maskini, haina hata sauti. Mpimie." Hicho kimto sikukimaliza. Ulitangulia.

Sasa nikuambie kilichonileta.

Asubuhi ile ya kukuzika, watu hawajajaa, niliingia chumbani kwako. Nikaweka mikono yangu kwenye kimto cha kijani. Pamba ilikuwa imelala kabisa, vimebaki vishimo viwili, cha kulia kimezama zaidi. Mikono yangu ikaingia mle kama umenishika. Nikasema, sawa, hiki kinanitosha, mengine wagawane.

Msiba ulipoisha, nikarudi chumbani. Mashine zote uchi! Hakuna kimto hata kimoja. Kumbe akina mama walikuwa wanachota maji ziwani kwa ajili ya waombolezaji, wakatafuta ngata za kuwekea ndoo kichwani, wakakuta chumba kizima cha ngata zimepangwa vizuri. Wakashukuru Mungu. Ungewaona ungezimia.

Nilivipata karibu vyote, vimelowa, kingine kinanuka dagaa. Chako hakikuwepo. Niliulizia jumuiya nzima. Nikazunguka mpaka Buhare, wakaniambia labda jirani yao Mama Nyangeta, yule wa kwaya mwenye sauti nzito, lakini amekwenda Majita kwa binti yake. Nikangoja. Usingizi ukawa unakuja kwa taabu. Neema ananiambia, mama, ni kimto tu. Atajuaje, mwanao huyu?

Jumanne akaja mwenyewe, Mama Nyangeta, kakifunga kwenye khanga safi, anatabasamu. Unajua desturi yetu, chombo cha watu hukirudishi hivihivi, sahani ya jirani inarudi na unga au hata mayai mawili. Akasema, "Mama Neema, nilipitiwa, niliondoka na ngata yako. Nikaona pamba imechoka, imelala. Nikaona aibu kukurudishia vile."

Amekifumua, Baba Neema. Amekifua, amejaza pamba mpya ya shambani kwake, amekishona upya kwa uzi wa kijani. Kimevimba kama siku ya kwanza. Vishimo vyako havipo.

Nikauliza ile pamba ya zamani iko wapi. Alimtandikia kuku anayeatamia. Yaani pale ulipolaza mikono miaka yote hiyo, kuku amelalia mayai, huko Buhare. Sikujua nicheke au nilie. Nilimshukuru, nikamchemshia chai, nikamsindikiza mpaka barabarani. Nikarudi nikafunga mlango, nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alinipa kizuri alichokuwa nacho.

Nilikaa na hasira zangu siku kadhaa. Halafu jana nikakiweka mbele ya mashine, nikakitazama. Ndivyo kilivyokuwa nilipokukabidhi, kimevimba hivihivi. Vile vishimo sikuvishona mimi. Ulivichimba wewe, kidogo kidogo, kila siku ulipokaa hapa.

Basi na mimi nimekaa. Mashine zako haziendi popote, hilo nakuahidi, na kimto cha kibodi nitakimaliza, mjukuu wako akikua akute kipo. Na kila jioni nikishaosha vyombo nitakuchapia, hata mstari mmoja, na hii R yako mkaidi. Mikono yangu ni midogo, vishimo havitafanana na vyako. Utavumilia.

Lala salama, mume wangu. Siku pamba hii itakapolala, nitafumba macho nitaje neno lako kwa sauti, Neema ashituke huko jikoni: aa, hapa nimefika.

Mkeo,
Mama Neema