Nilimwambia Mwanangu Simu Imekataa

Mpendwa Mama Musimbi, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nimefanya jambo la aibu na sijui nitalitoaje mdomoni. Mimi ni mjane, nina duka dogo hapa Eldoret, na marehemu mume wangu Ephantus Ndungu aliniachia pikapu, Pijo 404 nyeupe, ambayo siku tuliyoinunua alimwita fundi wa rangi akaandika jina lake mlangoni kama inavyotakiwa kwa magari ya biashara, na ungeona tulivyoingia soko la mji wa Ziwa siku hiyo, mimi nimekaa mbele na kitambaa kipya kichwani, watu wakisoma mlango kwa sauti, Ndungu akijifanya hasikii. Gari hiyo imebeba mahindi ya watu, imebeba akina mama walioshikwa na uchungu wa kuzaa mpaka hospitali ya Plateau bila kuwadai chochote, na jioni nikisikia honi yake kule chini nilikuwa naweka chai motoni. Siku hizo zilikuwa tamu, mama, nazililia hata sasa nikiandika.

Sasa anayeendesha ni mwanangu Waweru. Chama cha ushirika kimekubali kumpa kazi ya kubeba maziwa kutoka Ziwa, lakini wanataka logbook, kile kitabu cha umiliki wa gari, iwe kwa jina lake kabla mwezi haujaisha. Karatasi za korti tunazo. Akanituma nimpigie simu wakala mmoja wa kusajili magari kule Nairobi, kwa vile kibanda cha simu kiko mbele ya duka langu na yeye yuko barabarani kutwa. Akajibu msichana mwenye sauti nzuri, nikamsalimia, nikamuuliza kama kwao ni wazima, lakini yeye akaendelea tu kusema bila kuningoja, nikamwona hana adabu, nikapiga tena nimkanye, akarudia maneno yale yale, ndipo nikajua si mtu, ni kaseti inayojibu simu. Kaseti yenyewe ilieleza vizuri: lete cheti cha kifo, lete barua ya korti, lete logbook ya zamani, utapewa nyingine, halafu jina la mlangoni lifutwe, liandikwe la mmiliki mpya.

Hilo neno la kufuta lilinichoma. Nikamwambia Waweru simu imekataa, eti msichana wa huko amesema gari la marehemu haliwezi kubadilishwa jina. Kila akinituma tena napiga, nasikiliza mpaka mwisho, narudi na uongo ule ule. Jana alipiga meza: "Mama, hao watu wa Nairobi wananiringia nini? Gari ni ya baba yangu! Monday mimi naenda huko, huyo msichana wa simu aniambie nikimwona kwa macho." Nifanyeje? Nikimwacha aende nitaumbuka, na nikisema ukweli, Ndungu wangu atapakwa rangi.

Waithira, Eldoret

*

Mama Waithira,

Pole kwa kuondokewa. Nimecheka kwa hiyo kaseti uliyoisalimia, kisha nikakasirika. Umemsingizia msichana ambaye hata hayupo, ukamwacha kijana wako ahangaike. Kaseti imesema kweli kila ulipoipigia. Mwongo kwenye laini hiyo ulikuwa wewe peke yako.

Unaogopa kumzika Ndungu mara ya pili, nami naelewa. Lakini mtu aliyebeba wagonjwa bure hakununua gari ili liwe kaburi lake. Halafu hebu niambie, mwanao anaitwa nani? Si Waweru Ndungu? Basi fundi ataandika la mwana, na la baba litabaki pale pale. Na kwa desturi zenu, Waweru akipata mtoto wa kiume, wa kwanza ataitwa nani, kama si jina la babu yake? Jina halina hatari yoyote, mama. Kilicho hatarini ni kazi ya maziwa, na kijana kukuamini.

Gazeti hili litakufikia Ijumaa. Ukimaliza kulisoma funga duka, umtafute. Usianze kwa kulia ili akuonee huruma. Anza na "nilikudanganya". Atapiga meza tena. Mwache apige. Kisha mpe logbook ya baba yake mkononi, na Jumatatu mwende Nairobi wote wawili na karatasi zenu.

Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, mambo ya baba yake ambayo sidhani umewahi kumwambia yeye. Safari ya Nairobi ni ndefu. Mwambie.

Mama Musimbi