Jina Chini ya Bakuli

Mtaa wa Indiana,
Chicago.
14 Septemba 1952

Mpendwa dada Ozella,

Hujambo? Goti la shemeji Roosevelt linaendeleaje, na huko Alabama pamba imeshafunguka? Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina upweke, sitakuficha.

Uliniuliza habari za kazi. Ni ileile, kuigiza Mama Dilly, yule mpishi mweusi aliyechorwa kwenye boksi la unga. Kila Jumamosi dukani wananifunga mto tumboni kwa kuwa mimi ni mwembamba kuliko picha, wananivisha kilemba, nami nakaanga chapati za maji huku nikichekacheka na kuongea kama mtu ambaye hajawahi kuliona darasa. Nawaambia Wazungu upishi huo ni siri ya mama yangu, aliitoa jikoni kwa bwana wake enzi za utumwa. Fikiria, Ozella, mama yetu huyo! Mwalimu Gaines, aliyeunguza hata uji.

Mkataba unanikataza kutaja jina langu mbele ya wateja. Uliniambia kazi mbaya si mchezo mwema, nikavumilia.

Jumapili iliyopita kanisani tulikuwa na chakula cha pamoja. Unajua desturi, kila mama hubandika jina lake chini ya bakuli lisipotee. Nilipika viazi vitamu, nikabandika langu. Niliporudi mezani nilikuta mtu ameweka karatasi juu ya kifuniko, imeandikwa: Mama Dilly. Hakuna aliyekifunua.

"Dada, hivyo navyo ni vya boksi?" akaniuliza Earline Tubbs, mkubwa wa akina mama wa kanisa.

"Ni viazi, Earline. Onja basi."

"Wachekeshee haohao Wazungu wako. Binti zetu wakienda kuomba kazi ya ofisini wanaonekana kama wewe, wanapewa ufagio."

Alisema kweli. Nilibeba bakuli langu, nikala viazi hivyo siku nne peke yangu.

Kesho wananitaka nitie sahihi mkataba wa mwaka mwingine. Sitatia. Nitarudi kufua nguo za watu, sabuni inichubue. Siku hizi hata mwenye nyumba ananiita Dilly.

Nisalimie shemeji, shangazi Hattie na watoto wote. Mungu awafunike.

Nakuomba jambo moja. Ukinijibu, andika jina langu lote juu ya bahasha. Mleta barua hulisoma kwa sauti mlangoni kabla ya kunikabidhi, na sina mwingine wa kuniita.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Verdell Louise Gaines