Makorongoni na Mama Amara

Laurel, Maryland
24 Agosti 2025

Shangazi Edna, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama na lile goti limepunguza ukaidi. Sisi huku wazima. Joto limetukalia mabegani, na mimi fundi viyoyozi nashinda juu ya mapaa ya maofisi ya Rockville nikiwatengenezea wengine ubaridi. Nimenenepa kidogo. Mama Amara anasema si kidogo.

Amara tumemfikisha chuoni wiki iliyopita. Alitukumbatia haraka kama mtu anayewahi basi, akatuaga kwa Kiingereza kama kawaida yake, akafunga mlango. Tukarudi nyumbani wawili. Hapo ndipo nilipogundua kuwa sijui mimi na binti yako huwa tunazungumza nini.

Unajua tulivyoishi. Tangu mtoto azaliwe, mwenzangu kazini hospitali usiku, mimi mchana, ili mtoto asilelewe na mgeni. Watu wengi wa kwetu huku wanaishi hivyo. Tulikuwa tunakutana mlangoni, yeye anavua viatu, mimi navaa. "Kala?" "Kala." "Homa?" "Imeshuka." Nikirudi mapema namkuta amelala, natembea kwa vidole ndani ya nyumba yangu kama mwizi wa kuku. Nimekuwa bingwa, Shangazi. Naweza kukaanga yai bila sauti.

Sasa ameacha zamu za usiku. Na juzi mezani akaniambia, kwa sauti ileile anayowaambia wagonjwa, "Baba Amara, nafikiria kurudi nyumbani Usangi. Peke yangu. Sijakasirika." Nikauliza, moja kwa moja? Akasema, "Twende safari kwanza, mimi na wewe, halafu nitakujibu." Basi mwezi ujao tunakwenda kutazama jangwa la magharibi na makorongo yake, kwa gari la kukodi. Amechagua yeye.

Wewe ndiye uliyemshika mkono ukanikabidhi, na kwenu kesi ya ndoa inaanzia kwa shangazi. Ndiyo maana nimewahi kufungua jalada kabla hajafungua yeye. Sitaki aondoke. Sasa niambie, mtu anaongea nini na mke wake garini siku nzima?

Mkweo,
Ferdinand


Usangi
1 Septemba 2025

Baba Amara, marahaba.

Nimeamka, na goti limeamka kabla yangu. Huku baridi imekatika, maharage yako juani, na kuku wa jirani wanayajua kuliko mimi.

Swali lako wenzako huwa wanauliza kabla ya kuoa. Nilikukabidhi binti mchana kweupe, ukaenda kuishi naye kama walinzi wawili wa geti moja! Nimecheka. Halafu nikaacha kucheka.

Sikiliza. Elieth tangu mdogo akiulizwa haongei. Kaa naye mchambue mboga, ataanza mwenyewe. Kwa hiyo usimhoji, na usimweleze habari za viyoyozi. Endesha polepole, subiri. Na uvae shati lililopigwa pasi, si ile fulana ya kazini niliyoiona kwenye picha ya Krismasi.

Tena nikuonye: mimi si wakili wako. Nikiona kosa lako nitalisema.

Shangazi yenu,
Edna


Kanab, Utah
16 Septemba 2025

Shangazi, shikamoo kutoka mbali zaidi.

Hatuumwi. Goti je? Mimi nimeungua pua na jua, jambo ambalo sikujua linaweza kumpata mtu wa Kondoa.

Ungeiona nchi hii. Mawe mekundu yamesimama kama minara, marefu, na huna mti wa kuegemea. Kwetu kijijini Haubi korongo ni janga, linakula shamba la mtu huku analitazama. Hapa korongo wamelijengea geti, na watu wamepanga foleni kulisifu. Nilimwambia Mama Amara, kama babu angejua angeuza tiketi badala ya kulia. Akacheka mpaka akajishika ubavu. Sikumbuki ni lini nilimchekesha mara ya mwisho.

Miji yenyewe ni midogo: barabara moja, moteli, maduka ya mawe na kofia. Nimenunua kofia ya wachunga ng'ombe. Binti yako anasema nafanana na uyoga.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilifuata ushauri wako, nikanyamaza, naye akaanza. Alinisimulia wagonjwa wake, mmoja mmoja, watu walioshika mkono wake wakafa, na mimi asubuhi hizo zote nilikuwa namuuliza kama maziwa yamebaki. Nilisikiliza. Nilikuwa na shati lililopigwa pasi.

Sasa lililotokea jana. Mchana ule usingizi wa enzi za zamu ukamrudia, akahamia kiti cha nyuma, akajifunika blanketi kati ya mabegi. Nikasimama sheli nje ya mji kujaza mafuta. Nikaingia kulipa, nikarudi, nikachungulia: blanketi limetuna, limetulia. Nikafunga mlango taratibu, unajua ujuzi wangu, nikaondoka.

Niliendesha zaidi ya saa nzima, Shangazi. Redio nimezima. Kwenye matuta napunguza mwendo kama nimebeba mayai. Na kwa kuwa amelala, nikapata ujasiri. Nikaanza kusema polepole, macho barabarani. Nikamwambia asiende. Nikamwambia kwamba kila nilipomkuta amelala nilikuwa nakaa kwenye kiti cha pembeni kabla sijavua koti, namtazama tu. Nikamwambia kama ni lazima arudi Usangi, aniambie nifungashe na mimi. Niliongea vizuri, sijawahi kuongea vile. Nikageuka nione kama ameamka.

Mabegi na blanketi.

Alikuwa ameingia chooni pale sheli mimi nikiwa ndani nalipa. Simu yake ilikuwa humu garini, na jangwani kule hata yangu haikuwa na mtandao. Niligeuza gari nikarudi kama gari la wagonjwa. Nikamkuta kwenye benchi na mama mmoja anayeuza hereni, wanakula karanga, wameshajuana mpaka majina ya wajukuu.

Nikamwambia, "Elieth, nisamehe, nilidhani umelala."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukifunga mlango. Nilikuita mara moja."

"Mara moja tu?"

"Kisha nikataka kujua itakuchukua muda gani kugundua."

Akaniaga yule mama, yaani akamuaga yule mama, kalamu imeteleza, akakaa kiti cha mbele. Hakugomba. Ningeshukuru angegomba. Alitazama mawe mpaka tukafika hapa Kanab.

Mkweo,
Ferdinand


Usangi
25 Septemba 2025

Baba Amara, marahaba.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimsomea jirani, tukalia kwa kicheko. Mara ya pili nilisoma peke yangu.

Kosa lako si kumwacha sheli. Hilo linamtokea mtu, hata mchungaji wetu aliwahi kumwacha mke wake kwenye kipaimara Ugweno, na wakarudi wakazaa wengine wawili. Nakuuliza jambo moja, nijibu upesi: hayo uliyoliambia blanketi, umemwambia mwenyewe?

Shangazi yenu,
Edna


Laurel, Maryland
9 Novemba 2025

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya hiki. Natumaini u mzima na vuli imefika. Mimi siumwi popote ambapo naweza kumwonyesha daktari.

Sikumwambia. Siku zilizobaki za safari nilikuwa nayatafuta maneno yale na hayakuja. Nikikaa karibu naye macho akiwa ameyafungua, ulimi unaniganda. Tuliporudi alinijibu kama alivyoahidi, tukiwa jikoni. "Nakwenda. Sijui kwa muda gani. Usinisukume." Nikasema sawa. Mimi, sawa!

Nilimpeleka uwanja wa ndege Dulles Jumanne iliyopita. Pale kwenye kamba ya ukaguzi alisimama, akaniangalia, akangoja. Alingoja kweli, nililiona hilo. Nikafungua mdomo, nikajisikia nauliza, "Umechukua sweta?" Akasema amechukua.

Nyumba ni kubwa ghafla. Bado natembea kwa vidole. Juzi nikakasirika na nafsi yangu, nikapika ugali kwa kelele, nikagonga sufuria, nikabamiza kabati moja baada ya jingine. Jirani yetu Haile, yule Mwethiopia, akaja kubisha hodi. Akauliza kwa upole kama tunagombana. Nikamwambia, ndugu yangu, natamani.

Najua ameshafika kwenu. Ameniandikia "nimefika" tu. Nakuomba, Shangazi, kaa naye mkichambua mboga umweleze yale niliyosema barabarani. Nimekuandikia karibu yote. Kutoka kinywani mwako atayapokea.

Mkweo,
Ferdinand


Usangi
19 Novemba 2025

Ferdinand, marahaba.

Vuli imefika, barabara ya juu imekuwa tope. Elieth mzima. Analala usiku mzima, anaamka na jua, anakwenda shambani na mimi. Wiki ya kwanza alikuwa akisinzia mchana mezani, sasa hapana. Jioni anakaa nje na watu, kuongea anaongea kidogo.

Uliloniomba silifanyi. Nimelala nalo nikaona hapana. Mmeishi miaka yote hii mkipeana taarifa mlangoni, mimi sitaki kuwa mlango mwingine. Maneno ya mume kwa mke yakipita kinywani kwa shangazi yanafika yamepoa, na mimi huwa natia chumvi, unanijua.

Hajaniambia kama atarudi. Nilimuuliza kama bado anakutaka. Akasema, "Shangazi, hilo aniulize yeye."

Jalada lako nimelifunga. Usiniandikie tena mimi. Mwandikie mwenyewe.

Shangazi yake,
Edna


Laurel, Maryland
30 Novemba 2025

Elieth,

Nimekaa tangu asubuhi natafuta salamu. Kwa shangazi yako najua pa kuanzia, na kwa mama yangu pia. Kwako sina, maana mimi na wewe tulikuwa tunaulizana habari za mtoto. Basi naanza upya kama mgeni. Hujambo? Unalala vizuri? Unakula nini asubuhi? Nimegundua silijui hilo, asubuhi yako ilikuwa jioni yangu.

Amara alikuja Jumamosi kuchukua koti. Akaniuliza uko wapi, nikamwambia Usangi. Akaniuliza kwa nini mimi siko. Aliuliza kwa Kiswahili, chake kile cha kuokoteza, sikupata pa kujificha.

Siku ile jangwani, kabla sijagundua kuwa haupo, nilikuwa nazungumza na wewe njia nzima. Sitayaandika hapa. Ni maneno ya kusema, na nimeyaandika mara moja kwa mtu asiyehusika, inatosha. Pale Dulles nilikuwa nayo mdomoni nikakuuliza sweta. Naomba nafasi ya kuyasema ukiwa macho, hata kama jibu lako litakuwa ni kwaheri.

Nimepata likizo. Tarehe ishirini Desemba, mchana, nitashuka stendi ya Mwanga, chini ya milima yenu. Siji kukuchukua. Kuna gesti karibu na stendi, nikibaki hapo nitakula chipsi zangu, nitarudi Laurel na sitamlalamikia mtu, hata Shangazi. Lakini nikishuka nitasimama kwanza upande wa magari ya Usangi, na sitapanda mpaka uniambie panda. Mlio wa simu nimeupandisha hadi mwisho.

Mumeo,
Ferdinand