Matabishi ya Tata Kaumba

Jumatatu, 1 Februari

Mvua tangu asubuhi. Beseni kichwani, plastiki juu ya beseni, mimi mwenyewe bila plastiki. Wateja wa Mama Zaina hawataki bukari, ugali wetu, iliyonyeshewa. Aliyeileta akilowa si neno.

Mhandisi Mzungu wa karakana: hakuna kitu. Merci yake nzuri, na tabasamu juu. Daktari: noti ambayo hata muuza njugu anaikataa. Padri: baraka. Baraka sijui niipikie nini.

Shule imefungwa, na mimi mwalimu wa darasa la tatu nabeba masahani. Mama Zaina, mwenye mkahawa nyuma ya soko, hanilipi pesa. Ananipa kilichobaki chini ya masufuria. Kingine chote ni matabishi, kile anachoongeza mteja kwa aliyemletea chakula mpaka mlangoni. Akitaka. Asipotaka nasema asante vilevile, nashuka ngazi. Mshahara wa Tshimanga, mume wangu, fundi umeme wa kampuni, siku ukifika unafika umekufa, bei zimeshaupita.

Mteja mpya leo katika ofisi za kampuni, ghorofa ya pili. Tata Kaumba, bwana mmoja karani. Mwembamba, kola imechakaa. Aliagiza sombe ya majani ya muhogo na samaki. Akanipa sukari iliyofungwa katika karatasi ya ofisi. Sukari! Mapacha wangu wamekunywa chai tamu jioni. Nimefurahi kama mjinga.

Ijumaa, 5 Februari

Kaumba tena. Kipande cha sabuni, kipya, hakijaguswa na maji.

Mama Zaina anacheka mpaka anashika mbavu. “Ule tata anakutaka weye, hapana sombe yangu.” Nikamwambia: mama wa mapacha, miguu imevimba, nani atamtaka? Lakini kabla ya kupanda ngazi nilikuwa nimefunga upya kitambaa cha kichwa. Nimeandika. Basi.

Jumatano, 10 Februari

Leo nimemwomba mhandisi matabishi waziwazi. Nimechoka na merci. Akasema bei ni bei, na kama sishibi nimwulize tajiri wangu. Labda kwao ndivyo ilivyo. Lakini bei ni ya chakula. Ngazi ni zangu, mvua yangu, shingo yangu. Hivyo nani anavilipa? Nimewaza hayo njia nzima na hasira bado ninayo.

Tshimanga alikuwa nyumbani kabla yangu. Kazini wamemwambia akae nyumbani kwanza. Mpaka lini, hawakusema. Mkuu wake alizungumza huku akitazama dirisha. Walikula pamoja miaka yote, watu hawa. Tshimanga amezaliwa hapa Kolwezi. Kasai alikotoka baba yake hajawahi kukanyaga. Tangu zile hotuba za redio, kwamba watu wa Kasai warudi kwao, hilo halisaidii kitu, jina lake linatosha.

Jumamosi, 13 Februari

Jumamosi bado tunaiita siku ya posho. Posho yenyewe tumeisahau.

Kaumba leo amenipa unga. Mfuko mdogo, mweupe, safi. Akaniketisha hata kwenye kiti cha wageni. “Mama Mbuyi, nyumba yenu iko na bachambre ngapi?” Kwa heshima kabisa. Nikamwambia vyumba vitatu. Mayi iko ndani? Iko. Nikaendelea bila kuulizwa: umeme hausumbui kwa sababu mume wangu alivuta nyaya mwenyewe, saruji ya chini mpya, jikoni kuna dirisha la kutoa moshi. Nilijisifu, kweli. Nani mwingine ananiuliza habari za nyumba yangu siku hizi?

Yeye analala chumba kimoja nyuma kwa shemeji yake. Mke na watoto wako Dilolo, hana pa kuwaweka. Ni upweke huo. Nilimhurumia, na sikuchukia kutazamwa.

Jumapili, 14 Februari

Ugomvi. Tshimanga ameona unga. Anasema mwaka huu hakuna mwanaume anayetoa unga bure. Amenikataza ghorofa ya pili. Nikamwuliza kama sabuni atanipa yeye.

Neno baya. Lilitoka tu. Akaenda kukaa uani na bisibisi mkononi, hana cha kufungua. Nilikula bukari ya Kaumba na ilikuwa tamu.

Jumatatu, 15 Februari

Nimetii. Mama Zaina alimtuma msichana wake ghorofa ya pili. Msichana amerudi mikono mitupu, hata neno zuri hakupewa. Aliulizwa tu mimi niko wapi.

Kwa hiyo ni mimi. Nimeona haya, na nimeona raha. Vyote viwili.

Alhamisi, 18 Februari

Nimerudi ghorofa ya pili. Sabuni imekwisha nyumbani, na kiburi hakifui nguo. Kaumba alinipa chumvi na mafuta kidogo katika chupa. Akauliza kama bwana yangu anaenda bado kazini. Nikasema wamemkalisha. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. “Pole, mama. Pole sana.”

Tshimanga sikumwambia.

Jumanne, 23 Februari

Wamefika mtaani kwetu. Vijana wenye fimbo. Wengine nawajua kwa majina, mmoja nilimfundisha kusoma. Waliwatoa jirani zetu, Tata Mukendi na familia yake. Vitanda nje, magodoro matopeni, maharage yakiwa motoni. Jioni kulikuwa na watu wengine ndani, nao walikula maharage hayo hayo. Nilisikia vijiko.

Mwanangu Mbuyi amepigwa bombani. Mdomo umepasuka. Walimwita mdudu. Pacha wake, Kabanga, ndiye aliyerudi na ndoo zote. Mimi wananiambia nisiogope, mimi ni wa Lubudi, mtoto wa nyumbani, tatizo ni baba wa watoto. Wanasema hivyo kwa upole, kama wananipa zawadi.

Nawachukia. Na ninaogopa.

Alhamisi, 25 Februari

Mama Zaina ametuma sufuria kubwa la maharage gare, stesheni ya treni, kwa waliofukuzwa. Sadaka, amesema, na mimi nibebe.

Pale gare hakuna pa kuweka mguu. Familia zimelala juu ya saruji, zimetundika mashuka, zinangoja treni ya kaskazini ambayo hakuna anayejua siku yake. Harufu. Watoto wanakohoa. Mke wa Mukendi alinishika mkono.

Mzee mmoja, zamani dereva wa treni, nilimjazia bakuli. Akatafuta katika mifuko yote, akafungua kona ya leso, akanipa chumvi. Kidogo sana. Nikakataa. Mzee akakasirika. “Mi hapana muombaji, mama. Kamata!” Watu wakageuka. Nilikataa tena, nikaondoka haraka.

Nilidhani Mama Zaina atanisifu. Alinigombeza. “Ukikatala matabishi ya mutu, unamutoa mu bantu. Ungekamata, umwambie asante.” Kumtoa mtu katika watu: sikuwa nimefikiri hivyo. Nalala na hilo.

Jumapili, 28 Februari

Kaumba amekuja kwetu baada ya misa. Suti. Na mdogo wake, na kijana wa fimbo aliyebaki mlangoni.

“Jambo, Mama Mbuyi. Habari ya batoto?” Halafu wakapima madirisha kwa kamba. Kwa ajili ya mapazia. Aligonga ukuta wa jiko, akainama kutazama saruji. Aliingia kila chumba bila kuuliza kiko wapi. Nani alimwelekeza? Mimi, niliyekaa kwenye kiti cha wageni na mfuko wa unga mapajani.

Hakunitaka mimi. Alitaka nyumba. Nitaandika na hili, maana hakuna atakayelisoma: kwa muda mfupi kilichoniuma kwanza ni kwamba hakunitaka. Nyumba iliniuma baadaye.

Alisema hatatutupa nje usiku kama wengine wanavyofanya, yeye ni mkristo. Tuwe tumeondoka ifikapo Jumanne. Tshimanga alisimama katikati ya chumba, mikono chini, kama mtu anayepimwa naye pia. Kaumba akatoka, akaacha mfuko mkubwa wa unga kizingitini. “Ni ya safari.” Nilingoja Tshimanga aupige teke. Nililitaka lile teke kwa moyo wangu wote. Aliubeba, akaupanga pamoja na mablanketi.

Jumatano, 3 Machi

Gare. Tumepata nafasi kando ya ukuta, karibu na akina Mukendi. Vitu tulivyobeba ni vile mikono ilivyoweza. Vingine vimebaki.

Dereva wa lori ameleta maneno ya kaka yangu kutoka Lubudi. Treni itapita pale. Nishuke mimi na mapacha, watoto wapewe jina la upande wetu, Tshimanga aendelee kwao. Nilimwambia Tshimanga. Akasema nifanye ninavyoona. Akageukia ukuta.

Kwao! Kwao ni hapa. Lakini mimi kule Kasai nina nani? Lugha yao naisikia nusu. Lubudi kuna mama yangu, kuna shamba, mihogo iko ardhini, watoto hawatapigwa bombani. Nitashuka. Nimekata shauri, bado kulisema. Kaka yangu nimemtumia jibu na dereva yule yule.

Asubuhi naoga kwa kopo, nakwenda kubeba chakula. Wateja wanatoa kidogo au hawatoi. Hakuna aliyeniuliza ninalala wapi.

Jumatatu, 8 Machi

Hakuna treni. Mtoto mdogo wa Mukendi amekufa, kuhara. Tshimanga alisaidia kuchimba. Mama yake mtoto hakulia, alikuwa anakunja na kukunjua nguo za mtoto.



Ijumaa, 12 Machi

Asubuhi Mama Zaina alinitajia agizo: kuku mzima na bukari ya familia, nyumba ya kambi ya kampuni. Akataja njia. Akasema anaweza kumtuma msichana wake. Nikasema nitaenda, mwenye kuagiza kuku hatakosa matabishi. Nilitaka kuona. Sijui nilitaka kuona nini.

Nimebisha mlango wangu.

Mke wa Kaumba amefunga safari kutoka Dilolo, amefika juzi. Mdogo kuliko nilivyofikiri, tumbo kubwa, miguu mitupu. Mtu mzuri. Nilitamani awe mbaya na hakuwa. Alinitua beseni kwa mikono yake, akaniketisha jikoni, akanipa maji. Hanijui. Aliongea mfululizo, inaonekana hapa hana wa kuongea naye. Nyumba ni nzuri, anasema, lakini anaiogopa, bintu ya benyewe bado iko, usiku anaota watu. Mume anamwambia asiulize.

Halafu akasema: “Mama wa hapa eko mutu wetu, wa Lubudi. Banasema hatafwata bwana yake, atashuka kwabo. Eko na akili, ule mama. Mi pia ningefanya vile.”

Habari zimefika mpaka hapa, jikoni kwangu. Nikamaliza maji.

Pesa hakuwa nayo, Kaumba yuko kazini. Akaona haya kuniacha nitoke hivi hivi. Akatazama huku na huku, akainama kwa shida, akavuta sufuria chini ya meza. Langu. Mama yangu alinipa nilipoolewa. Mkono mmoja ulivunjika, Tshimanga akauunga kwa waya wa shaba. “Kamata, mama, ni matabishi yako. Mi niko na ingine.”

Ningeweza kumwambia. Angelia pale pale, yule mtoto, na tumbo lile. Au angeita watu. Au angenipa na mengine, na hilo ndilo nililoogopa zaidi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama, nikaliweka katika beseni.

Ni matabishi makubwa kuliko yote niliyopata. Njiani nilisikia kichwani akili yangu ya kumwacha Tshimanga inasifiwa, tena na tena, kwa sauti yake nzuri. Nilisimama kando ya barabara nikatapika maji.

Jumapili, 14 Machi

Wanasema treni kesho au keshokutwa. Mvua imekata. Kuna jua, mashuka yote ya gare yanakauka.

Nilipika mchicha wa lengalenga. Tshimanga aliliona sufuria, akagusa ule waya kwa kidole. Hakuuliza nimelitoa wapi. Bukari alisonga yeye, mimi mikono inauma. Nikamwambia treni ikisimama Lubudi, sitashuka, wala watoto. Akaendelea kusonga. Baadaye akasema vizuri. Mapacha wakaleta maji ya kunawa, tukala.